Hema la mtumba la watu wawili: lilivyotufanyia Sipi

Nimeulizwa sana kuhusu lile hema tulilolalia Sipi, kwenye maporomoko ya Mlima Elgon huko Uganda, basi niandike mara moja yaishe.

Ni la mtumba, la kijani kilichopauka. Nililipata Busia kwa shilingi 85,000 za Uganda baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia laki moja na nusu. "Dada, hii mali ya Ulaya," aliniapia, na hapo hakudanganya: mfukoni mwa hema mlikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiitaliano, na kwenye kona za sakafu mchanga mweupe wa ufuko nisioujua. Kampuni siitaji. Kitu kimeshatumiwa na wenyewe kikachoka, kulaumu kiwanda si haki.

Kulisimamisha ni rahisi. Fito mbili zinapishana juu, unapigilia vigingi, basi. Ila "watu wawili" ni wa kwenye karatasi. Mimi na binamu yangu tulilala ubavu, na mabegi tukayaweka miguuni.

Ubovu uko kwenye fito. Ni za faibaglasi, na moja ilipasuka kwenye kiungo siku ileile ya kwanza, ikaniachia vijiba viganjani vinavyowasha kuliko upupu. Kijana wa boda aliyetupandisha kutoka barabarani alikata kipande cha ule mpira wa tyubu anaofungia mizigo, akauvuta na kuuzungusha mpaka ukakaza. Hadi leo haujalegea. Hakutaka hata pesa ya soda.

Tulipiga kambi kwenye kiwanja cha mzee mmoja Msabiny, kabila la wenyeji wa huko, kando ya kahawa yake, kwa ada iliyo chini kabisa ya bei ya chumba. Alitutazama tunatandaza hema, akasema, "Binti yangu, hapo maji hupita." Akatusogeza juu kidogo, kisha akarudi na mzigo wa majani makavu ya migomba tuyatandike chini. Sakafu ya hema hili ni nyembamba, na baridi ya Elgon hupandia ardhini. Bila yale majani tusingelala. Mvua ya Aprili ilipofunguka usiku, kijito kizima kilipita pale tulipotaka kulala mwanzo.

Sasa, linavuja? Lebo inasema 2000 mm, yaani kitambaa kikiwa kipya kinahimili maji yenye kimo cha mita mbili kabla hayajapenya. Hiki si kipya, lakini paa halikupitisha kitu. Mishono ndiyo ilidondosha, upande wa miguuni, kwa sababu utepe wake umebanduka. Begi la binamu likalowa, na unga wa posho ndani yake. Asubuhi akagusa dari, mkono ukatoka na maji, akaanza kumtukana muuzaji. Hayo yalikuwa pumzi zetu wenyewe: watu wawili wamefunga zipu zote usiku kucha, mvuke ukakutana na kitambaa cha baridi, ukageuka maji. Usiku uliofuata tuliacha tundu la juu wazi, tukatetemeka kidogo zaidi, dari ikawa kavu.

Raha? Zipo. Ukilala unasikia maporomoko, lile kubwa la chini lenye kama mita 100. Asubuhi mke wa mzee alikaanga kahawa kwenye sigiri, akaitwanga kwenye kinu mbele yetu, na tukainywa bila maziwa, nami ni mtu wa chai ya maziwa tangu utotoni. Binamu alichukua kikombe cha tatu ndipo akausamehe ule unga. Kushuka kwenye maji ni kuzuri. Kupanda kurudi, huko kwao Stephen Kiprotich, mkimbiaji aliyeiletea Uganda dhahabu ya marathoni kutoka Olimpiki ya London mwaka 2012, tulipitwa na bibi mwenye kuni kichwani.

Kwa 85,000 nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota moja inabaki kwenye fito.

Mkienda kununua, likunjueni lote palepale sokoni, mhesabu vigingi, mpinde fito, halafu mnuse upande wa ndani. Ule utando wa kuzuia maji ukizeeka hunata vidoleni na kutoa harufu ya matapishi ya mtoto, na hakuna sabuni inayouponya. Lile la bluu linaloning'inia karibu na nilikonunua langu, la 50,000, liko hivyo. Liacheni.