Taa za LED za kukuzia mimea ndani ya nyumba: zipi ununue kwanza, zipi uziache dukani

Kama una baraza, paa la zege au hata dirisha linalopigwa na jua saa nne tano kwa siku, weka pesa yako mfukoni. Ukitaka kuipa bustani ya futi mbili kwa mbili mwanga unaomwagwa na jua la Dar es Salaam au Mombasa kwa siku moja, itabidi uwashe taa nzuri ya wati 100 karibu usiku na mchana. Jua halikutozi uniti hata moja.

Taa ya mimea ni ya watu wengine: aliyepanga chumba cha chini ambacho ghorofa la jirani limekiziba dirisha, anayeotesha miche ya pilipili hoho ndani ili kuku wasiiparue, mwenye ofisi isiyoona nje, na ndugu zetu walioko ughaibuni. London katikati ya Desemba mchana haufiki saa nane, na Stockholm ni saa sita hivi. Huko mrehani wa dirishani hudumaa kwa njaa ya mwanga hata ukiumwagilia vizuri.

Kwa hao wote ushauri wangu ni mmoja: nunua wingi wa mwanga, usinunue rangi. Wauzaji wengi wanauza rangi.

Zambarau ilitoka wapi

Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hunyonya zaidi mwanga wa bluu, kwenye nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 430 hadi 450, na mwekundu, kwenye 640 hadi 660. Mchoro huo wenye vilele viwili ndio uliozaa taa za zambarau zilizojaa mitandaoni: changanya LED nyekundu na bluu, acha kijani, kwa madai kwamba mmea haukitumii. Lakini mchoro huo unahusu klorofili iliyokamuliwa na kutiwa kwenye kichupa cha maabara. Jani zima lina mambo yake. Mwaka 1972 mtafiti Keith McCree alichapisha vipimo vya majani ya mimea mingi ya mazao, akiyamulika kwa rangi moja moja, na kijani nacho kikaonekana kinafanya kazi ya usanisinuru. Kinazidiwa na nyekundu, ni kweli, ila kinapenya ndani zaidi ya jani na kuyafikia majani ya chini yaliyofunikwa na wenzao.

Bustani ndogo iitwayo Veggie, ambayo NASA iliipeleka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2014, ilikuwa na LED nyekundu, bluu na pia za kijani. Za kijani ziliwekwa ili wanaanga waione mboga katika rangi yake. Hiyo si anasa. Chini ya zambarau huwezi kuona jani linaloanza kuwa njano, wala utando wa utitiri mwekundu, mpaka mmea uwe umeshaharibika.

LED nyeupe yenyewe ni chipu ya bluu iliyofunikwa kwa unga maalumu wa kung'aa (phosphor), unaogeuza sehemu ya bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Ugunduzi wa chipu hiyo ya bluu ndio uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo taa nyeupe ya kati ya 3000K na 5000K (K ndogo ni weupe wa manjano, kubwa ni weupe wa bluu) inayo bluu ya kuzuia miche isirefuke ovyo, na inayo nyekundu ya kutosha. Taa iliyobuniwa vizuri huongezewa LED chache za nanomita 660, kwa sababu hizo hutoa fotoni, yaani chembe za mwanga, nyingi kwa umeme kidogo. Nyekundu ya mbali, nanomita 730, huufanya mmea uhisi umefunikwa na kivuli cha jirani ukajivuta juu. Kwa mboga za majani huihitaji. Urujuanimno (UV) usiulipie hata senti.

Namba za kudai kabla ya kutoa pesa

Lumeni hupima kile ambacho jicho la binadamu linaona, na jicho letu linapenda kijani kuliko mmea unavyokipenda. Kwa mimea tafuta PPF, yaani maikromoli za fotoni zinazotoka kwenye taa kila sekunde, na wati halisi inazovuta. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate ufanisi: chini ya 1.5 ni duni, 2.5 ni nzuri, na karibu na 3 ni ya hali ya juu. Kisha gawanya bei kwa PPF. Hapo taa mbili zilizoonekana sawa kwenye picha hutengana waziwazi.

Upande wa mmea, hesabu ni moli za fotoni kwa siku kwa kila mita ya mraba; moli moja ni maikromoli milioni moja. Zamioculcas, ile ZZ ya maofisini ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, inaridhika na moli 2 hadi 4. Saintpaulia, ua la milima ya Usambara ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani miaka ya 1890 na leo limejaa madirisha ya Ulaya na Marekani, linataka 4 hadi 6, na ni mmea unaopendeza sana chini ya taa: majani hulala bapa kama sahani na maua hukaa katikati. Mwanga ukipungua vikonyo vinarefuka na majani yananyanyuka. Ukizidi, majani ya katikati yanabanana na kupauka. Saladi, dania na mrehani ni 12 hadi 15. Nyanya na pilipili zinazotakiwa kuzaa ni 20 na kuendelea. Mchicha uweke kundi hilohilo la juu, kwani ni mmea wa jamii ya C4 kama mahindi na umezoea jua kali; wengi huujaribu chini ya kitaa kidogo wakaishia na vijiti.

Huna kipimo? Programu ya kupima luksi kwenye simu inakutosha kwa makadirio. Kwa taa nyeupe ya LED gawanya luksi kwa 67 upate maikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Luksi 10,000 ni kama 150. Kwa saa 14 hiyo ni moli 7.5 hivi. Kwa taa ya zambarau hesabu hii haifanyi kazi.

Mpangilio wangu

*Ya kwanza: mirija myembamba ya mimea, nyeupe, jumla ya wati 40 hadi 50 kwa rafu.* Kwa nyumba nyingi hii ndiyo chaguo langu bila kusita. Mwanga unasambaa sawasawa kwenye rafu nzima, mirija inakaa sentimita 15 hadi 30 tu juu ya majani, na haichomi. Chukua rafu ya sentimita 120 kwa 30. Mirija ya wati 45 yenye ufanisi wa 2.5, ikiwashwa saa 16, inaipa rafu hiyo moli 13 hivi hata ukitoa mwanga unaopotea pembeni. Hiyo ni saladi ya kuchuma kila wiki. Umeme wake ni uniti 22 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa daraja la kawaida la T1, anayelipa karibu TSh 356 kwa uniti kodi na tozo zikiwemo, inakuja chini ya TSh 8,000. Aliye D1, daraja la watumiaji wadogo, aangalie zaidi, maana uniti 22 ni sehemu kubwa ya zile 75 za bei nafuu, na akizipita analipa bei nyingine kabisa.

*Ya pili: mrija wa kawaida wa LED wa duka la umeme.* Ndiyo, ule wa wati 18, futi nne, unaofungwa jikoni. Hauna neno la mimea kwenye boksi na ndiyo sababu una bei ya kibinadamu. Ukiona 4000K chukua; ukikosa, 6500K inafaa, na miche itakuwa mifupi na imara. Ubaya wake ni ufanisi, karibu na 1.5. Ili rafu ileile ipate moli 12 utahitaji mirija minne, wati 72, na tofauti hiyo ya wati 27 inakula uniti 13 zaidi kila mwezi. Kwa hiyo kama unaotesha miche ya nyanya wiki nne kisha unaihamishia nje, nunua huu na usitazame nyuma. Kama utawasha mwaka mzima, bei rahisi ya leo utailipa kidogo kidogo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla.

*Ya tatu: bodi bapa ya wati 100.* Kwa ufanisi hizi ndizo bora, mara nyingi 2.5 hadi 2.8, na ndizo pekee katika orodha hii zinazoweza kukomaza pilipili au nyanya kwenye eneo la futi mbili kwa mbili. Ziinue sentimita 40 hadi 60. Nimeziweka ya tatu kwa sababu watu wengi hawazihitaji: saa 14 kwa siku ni uniti 42 kwa mwezi, kama TSh 15,000 kwa T1, na kwa pesa hiyo sokoni unabeba nyanya za kutosha. Kwa aliye Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, anayetaka pilipili mbuzi mwezi Januari, hesabu ni tofauti, naye anunue. Jihadhari na namba iliyo kwenye jina: Spider Farmer SF1000 inavuta wati 100 na Mars Hydro TS1000 inavuta 150. Zote ni taa za kweli na wati zake zimeandikwa wazi. Ile 1000 ni jina tu.

*Ya nne: balbu nyeupe ya mimea, wati 10 hadi 24.* Kwa chungu kimoja au viwili inafaa sana, hasa Saintpaulia juu ya meza ya kusomea. Nyingi ni za kuzungusha, E27, na nyumba zetu nyingi zina holda za pini, basi angalia kabla ya kulipa. Usitegemee ilishe rafu: katikati panawaka, pembeni pana giza.

*Ya tano: zile za koleo zenye shingo za kupinda.* Zinauzwa kwa idadi ya shingo, tatu, nne, lakini wati za jumla mara nyingi hazifiki 20, na shingo hulegea taratibu mpaka taa inatazama ukuta. Kwa ZZ iliyo kona yenye giza zinatosha. Kwa mboga, hapana.

*Ya mwisho: kibapa cha zambarau kilichoandikwa 1000W.* Geuza boksi usome kibandiko kidogo cha nyuma, penye neno la umeme unaoingia. Mara nyingi utakuta 100W au 110W. Ile elfu moja hupatikana kwa kujumlisha wati ambazo kila chipu ingeweza kuhimili kinadharia, na hakuna chipu inayoendeshwa hivyo. Mmea utakua, sisemi hautakua. Lakini umelipia kitu ambacho hakimo, na macho yako yatachoka nacho.

Kabla ya kuondoka dukani

Maji na umeme vitakuwa jirani kila siku, kwa hiyo taka plagi ya pini tatu yenye ethi, na kwa rafu unayonyunyizia chukua yenye alama ya IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa. Draiva, kile kifaa kinachoilisha LED umeme, iandikwe inapokea volti 100 hadi 240 au zaidi. Umeme wetu unashuka na kupanda, na draiva ya volti finyu haifiki mbali. Taima ya plagi inunuliwe palepale, kwa sababu mmea unataka ratiba isiyobadilika na binadamu husahau. Mgongo wa taa uwe aluminiamu nzito: plastiki inahifadhi joto, na LED inayopata joto hufifia mapema.

Ukifika nyumbani pima siku hiyohiyo. Washa taa hiyo peke yake, soma mita ya umeme au kipimo cha plagi, uone kama wati zinalingana na kibandiko. Irekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole. Ikipepesa sana, draiva ni ya hovyo. Baada ya saa mbili gusa draiva: joto la kawaida ni sawa, lakini kama huwezi kuacha kidole hapo, irudishe. Na risiti iandikwe namba ya modeli, siyo "taa" tu, maana umeme ukicheza draiva ndiyo hufa kwanza, na bila namba hiyo muuzaji atakwambia hiyo si yake.