Mangaldas Market, Mumbai: tathmini ya mnunuzi wa vitambaa kutoka Mombasa

Kwa miaka mingi nimeuza vitambaa karibu na Marikiti, hapa Mombasa, nikiagiza mali kupitia kwa mawakala. Januari hii, kabla ya wateja kuanza kuulizia nguo za Ramadhani na Idi, nilikwenda Mumbai mwenyewe kutafuta pamba ya kushonea madera pamoja na melimeli ya mitandio. Ninalotathmini hapa ni soko la Mangaldas, lakini siwezi kulieleza nikauacha mtaa unaolizunguka, kwa sababu nusu ya huduma niliyoipata niliipata nje, barabarani.

Soko limeezekwa, na ndani yake mna vichochoro vyembamba vilivyojaa vijiduka pande zote mbili, ambamo muuzaji huketi juu pamoja na mali yake na kukukunjulia kitambaa baada ya kitambaa hata kama hujaonyesha nia ya kununua. Wenye maduka wengi huuza kwa mita na pia kwa jora zima, jambo linalomfaa sana mfanyabiashara mdogo anayetaka kujaribu rangi chache kabla ya kufunga mzigo. Anayetaka jumla tupu atavuka hadi Mulji Jetha Market, jirani kabisa, ambako mteja wa mita tano hana nafasi.

Tatizo la ndani ni mwanga. Taa za madukani huzipendelea rangi, na nyekundu huiva kuliko ilivyo. Nilichagua pamba ya zambarau iliyonipendeza mno, nikamwomba muuzaji ruhusa ya kutoka nayo hadi Sheikh Memon Street, naye akakubali bila kinyongo na kumtuma kijana wake anifuate. Pale nje, kati ya mikokoteni, pikipiki na watu waliojitwika marobota vichwani, muuza chai mmoja aliweka birika lake chini akashika pindo la pili bila kuombwa, tukakinyoosha kitambaa juani, na zambarau yangu ikawa karibu na kahawia. Nilikirudisha, na hakuna aliyeninunia. Tangu hapo sikulipia kitu kabla ya kukitoa nje, na niligundua kwamba wanunuzi wa kule hufanya vivyo hivyo, kiasi kwamba ukingo wa barabara umekuwa kama chumba cha ukaguzi cha soko lote.

Wachukuzi wa mtaa ule wanastahili sifa ya pekee. Wao nao huitwa hamali, kama wetu, na neno hilo moja lilinitosha kueleweka mahali ambapo Kihindi changu kiliishia. Hamali aliyenibebea alipatana nami bei kabla ya kuinua mzigo, akapita katika msongamano ambao mimi mikono mitupu nilishindwa kuupenya, na marobota yote sita yakafika kwa msafirishaji yakiwa makavu na fundo zake hazijaguswa. Melimeli nayo wenyewe huiita malmal, na nilipoitaja kwa matamshi ya Mombasa nililetewa ile ile niliyoitaka: nyepesi, laini, isiyo na wanga mwingi wa kudanganya mkono.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Duka moja, ambalo sitalitaja, liliniuzia majora matatu ambayo nilipoyapima nyumbani yalipungua karibu nusu mita kila moja, na mojawapo lilichuja rangi katika maji ya kwanza. Kosa la kutopima lilikuwa langu, lakini udanganyifu haukuwa wangu, na uliniuma kwa kuwa mali ile nilikuwa nimeshaiahidi kwa fundi. Kwa hiyo sugua kitambaa kwa hanchifu nyeupe iliyoloweshwa, kisha chomoa uzi uuchome: pamba hunuka kama karatasi iungulayo na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka ikaganda kuwa kidonge kigumu. Wauzaji waaminifu, nao ni wengi, watakupa kiberiti wenyewe.

Leso, yaani kanga, usizitafute hapa. Nyingi zinazokuja kwetu kutoka India huchapishwa Jetpur, katika jimbo la Gujarat, na hiyo ni safari nyingine.

Chakula cha mtaani ni rahisi, na vada pav, yaani kitonge cha viazi kilichokaangwa katika unga wa dengu na kutiwa ndani ya mkate, itamridhisha yeyote aliyelelewa kwa viazi karai. Adhuhuri niliswali Jama Masjid, hatua chache tu kutoka sokoni, ambako watu hutawadha kwenye birika kubwa la kale lenye samaki, na kelele za mikokoteni hazisikiki sana.

Jumapili soko hufungwa, nami nilipoteza siku nzima kwa kutolijua hilo. Nitarudi baada ya Idi, nikiwa na tepu yangu ya kupimia, na duka la melimeli nitaanza nalo.