Tahadhari: dawa ya sukari yenye karatasi ya "imepimwa maabara"

Wenye kisukari na mnaouguza wazee nyumbani, jihadharini na dawa za majani zinazouzwa kwenye steji za matatu na kwa WhatsApp hapa Nairobi. Muuzaji hutoa karatasi yenye muhuri: "Haina sumu." Isomeni kabla ya kutoa pesa.

Ikitaja panya, dozi moja ya miligramu 2,000 kwa kilo ya uzito na siku 14 za kuwaangalia, hicho ni kipimo cha sumu ya papo hapo tu. Panya walinywa mara moja, hawakufa. Wewe unaambiwa unywe kutwa mara mbili kwa miezi! Kwa matumizi hayo, panya hupewa dawa kila siku kwa siku 28 au 90, kisha damu yao hupimwa ALT na AST (vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia) na kreatinini (taka inayopanda figo zikishindwa), na viungo vyao hukaguliwa kwa darubini. Hata wakipita, bado panya si mtu. Tena majani yaliyochemshwa hayatoi kemikali sawa na yaliyolowekwa kwenye spiriti, kwa hiyo karatasi isiyo na namba ya bechi (ya mkupuo uliotengenezwa pamoja na chupa yako) haisemi lolote kuhusu chupa uliyoshika.

Msidanganywe na muuzaji anayewapima sukari pale pale. Kidole chenye maji ya embe husoma sukari juu. Kikioshwa kwa sabuni, inashuka bila dawa yoyote.

Sukari ikishuka kweli baada ya kunywa dawa hiyo, tena ghafla, ogopeni zaidi. Dawa za mitishamba zimewahi kukutwa na glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, iliyosagwa ndani. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake pia anajikuta na dozi juu ya dozi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Mwenye figo dhaifu huumia zaidi, kwa sababu dawa hukawia mwilini. Sukari ikisoma chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo na anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, mpime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia msimtie kitu mdomoni. Hata akizinduka, mpelekeni hospitali, maana sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Bebeni na chupa, ipimwe.

Anayekuambia uache insulini, mkimbie. Na kabla ya kununua, ulizeni Bodi ya Famasia na Sumu kama dawa hiyo imesajiliwa.