Laptopu ya mtumba, Linux Mint na paswedi ya watu: nyota mbili, kwa sasa

Nianze na muuzaji, maana Linux (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows; Mint ni toleo lake mojawapo) haina kosa hapa. Duka liko Kariakoo, jina nalihifadhi. Mashine ni Dell Latitude 7480 iliyotumika ofisini huko Ulaya: kioo safi, kibodi haijachakaa, ukiwasha inaingia Windows 10 moja kwa moja. Hapo ndipo wanapotumaliza. Mteja akiona skrini imewaka, analipa. Ukichomeka flashi ya Linux Mint na kubonyeza F12 ili iwakie kwenye flashi, inadai paswedi ya msimamizi. Msimamizi gani? Wa kampuni iliyokuwa ikiimiliki kabla haijapakiwa kwenye kontena! Dukani jibu lilikuwa: "Boss, mashine inawaka, huko ndani unatafuta nini? Hiyo Linux ni mambo ya wadukuzi." Wenzake wakacheka. Kuifungua wanataka elfu hamsini. Kurudisha hela, hawataki hata kusikia.

Kwa wanaodhani ni kelele za bure: kwenye laptopu za maofisini kila kitu kinapita BIOS, ile programu ndogo ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows au Linux, na ndiyo iliyofungwa kwa paswedi ile. Latitude nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa "RAID On", mtindo mmojawapo wa mashine kuwasiliana na diski. Diski ikiwa ya NVMe (aina mpya, ya kasi), Mint inaweza isiione kabisa. Ukifika pale pa kuchagua diski unaikuta flashi yako peke yake. Dawa ni kubadili iwe "AHCI", mtindo wa kawaida, kazi ya dakika moja, kwa mwenye paswedi. (Windows ya ndani itagoma kuwaka baada ya hapo, lakini kama unaifuta, shida iko wapi?)

Na usidanganywe na yule anayesema toa kile kibetri kidogo cha ndani usubiri. Hiyo ilifaa kompyuta za zamani. Kwenye hizi, paswedi inakaa kwenye chipu isiyosahau umeme ukikatika. Mafundi wengi wanaotaka kufungua kwa nguvu hutumia kifaa kinachoitwa CH341A, kinabana chipu ya miguu minane na kuandika upya yaliyomo. Ile CH341A nyeusi ya bei chee hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, wakati chipu nyingi ni za volti 3.3, na nyingine 1.8. Muulize fundi wako kama amesoma chipu mara mbili na kulinganisha nakala kabla ya kuandika. Akikukodolea macho, chukua mashine yako uondoke.

Njia iliyofanya kazi ni ya kuzunguka. Diski mpya ya M.2 (umbo jembamba kama kijiti), lakini ya SATA (aina ya zamani zaidi), siyo NVMe, kwa sababu ya SATA Linux huiona hata mashine ikiwa kwenye "RAID On". Inachomekwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na kufuli, inawekewa Mint kwa mtindo wa UEFI (uwashaji wa kisasa), kisha inarudishwa. Kabla ya kuirudisha, hakikisha kwenye kile kisehemu cha EFI (kipande kidogo cha diski chenye faili za kuwashia) kuna faili EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mashine isiyoijua diski hutafuta hilo, na lisipokuwepo haitaingia Mint. Secure Boot, ulinzi unaokataa mifumo isiyosainiwa, haisumbui, Mint imesainiwa.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujatoa hela: zima, washa, ingia BIOS: bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Isiishie kufunguka tu. Badilisha kitu kimoja, hifadhi, washa tena uone kama kimebaki, maana nyingine zinakuruhusu kutazama bila kugusa. Kisha washa kwa flashi yako (GB 8 inatosha, iandikwe kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, kunakili faili la ISO, lile la Mint unalopakua, kama picha za harusi hakusaidii) na ujaribu Wi-Fi, sauti na kamera bila kugusa diski. Kadi ya Wi-Fi ya Broadcom ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti, fungua Driver Manager, weka draiva. Hiyo si sababu ya kuacha mashine. Paswedi ndiyo sababu.

Sasa nyota. Mint ya Xfce (toleo jepesi) kwenye mashine hii ni tano bila ubishi: RAM ya GB 8, feni kimya, na habari ya Windows 10 kufungiwa masasisho Oktoba 2025 haituhusu tena. Laptopu yenyewe ningeipa nne, ila bado siwezi kugusa hata mpangilio wa saa kwenye BIOS, basi tatu. Jumla nilipanga kutoa tatu. Lakini wanajua! Ule mzigo wote wa mezani wanaujua upi umefungwa, ndiyo maana bei ya kufungua wanayo mdomoni kabla hujamaliza kueleza. Mbili, na hizo ni za Mint. Duka halina hata moja.