Presha ya mama na daktari wa kwenye simu: uzoefu wangu Kisumu

Mama anaishi Ahero, mimi nafanya kazi Kisumu mjini, na presha yake inataka kuangaliwa mara kwa mara. Siku hizi tunatumia huduma ya daktari kwa simu, nami nimeridhika nayo.

Unalipa kwa M-Pesa, unasubiri kidogo, daktari anapiga kwa video. Mara ya kwanza mashine ya nyumbani ilisoma 158 kwa 96. Daktari hakukimbilia kuongeza dawa. "Mama, hebu egemea kiti, miguu usiipishanishe, mkono uweke mezani uwe sawa na moyo. Pumzika dakika tano, kisha tupime tena." Ikawa 144 kwa 92. Bado iko juu, lakini si ile ya kwanza. Ndipo akamuuliza pole pole kama amlodipine, dawa yake ya presha, anaimeza kila siku, au ni siku kichwa kinapouma tu. Mama akanyamaza, kisha akasema ukweli: ni kichwa kinapouma. Miaka yote ya kupanga foleni kliniki, swali hilo halikuwahi kuulizwa!

Dawa za huduma hiyo ni ghali. Zinaletwa na boda boda, na kwa bei ile afadhali uombe karatasi ya dawa kwa simu ununue mwenyewe kwa famasia iliyosajiliwa.

Mtoto wetu naye alishikwa na homa usiku. Daktari wa zamu aliuliza kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Kisha akakataa kutuandikia dawa ya malaria: huku kanda ya ziwa malaria ni nyingi, lakini homa si lazima iwe malaria, na bila tone la damu hakuna ajuaye. Akatutuma hospitali usiku ule ule. Shemeji alinung'unika kwamba tumelipia bure. Kwangu mimi, hapo ndipo pesa yetu ilipofanya kazi, kwa sababu daktari anayeandika dawa ya malaria kwa kutazama video tu ni wa kuogopwa.

Kabla ya kulipa, itisha jina na namba ya usajili ya daktari, uvitafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni. Wakikataa kukupa, achana nao.

Presha ya mama tutaendelea kuifuatilia kwa simu. Kupimwa figo bado namleta Kisumu, maana damu haitolewi kwa video.