Monkey ya Android: uzoefu wangu wa kuitesa simu makusudi

Natengeneza programu za simu kwa ajili ya maduka madogo hapa Dar. Wateja wangu wengi wana Android za bei ya chini walizonunua Kariakoo, RAM GB 2, na simu ya hivyo haina huruma na programu legelege. Ndiyo maana sitoi toleo jipya kabla halijapita kwenye Monkey, zana ya majaribio inayoibonyeza programu ovyoovyo.

Inakuja bure na Android SDK, yaani vifaa vya kutengenezea programu za Android. Unachomeka simu kwenye kompyuta, unaandika `adb shell monkey -p`, jina la programu yako na idadi ya matukio (mibonyezo na kadhalika), unaiacha; `adb` ni amri ya kuiagiza simu kutoka kwenye kompyuta. Skrini inaanza kurukaruka yenyewe: inabonyeza, inatelezesha, inarudi nyuma, inapandisha sauti. Programu ikianguka au ikiganda, zoezi linasimama palepale na taarifa ya kosa inatoka.

Kilichonifunga kwake ni ile namba ya mbegu, `-s`. Vurugu yote ile unaiona haina mpango, lakini ukiweka namba ileile inabonyeza kwa mfuatano uleule. Mteja akikuambia "imegoma tu yenyewe", huna pa kushika. Ukiwa na mbegu, unaliita kosa lirudi mbele yako.

Kero yake: huvuta pazia la arifa na kuzima Wi-Fi katikati ya kazi. Bandika programu kwenye skrini kwanza (screen pinning), itatulia.

Ila peke yake haitoshi, kwa sababu haibani kumbukumbu (RAM), na huko ndiko simu ndogo zinakoumbuka. Mwenye duka Mbagala anaandika deni, anafungua kamera apige picha ya risiti. Mfumo unaiua programu iliyo nyuma ili kamera ipate nafasi. Akirudi, fomu tupu, na mteja keshaondoka. Kuiga hali hiyo, gusa "Build number" kwenye mipangilio ya simu mara 7, mipangilio ya wasanidi ifunguke. Kuna swichi inayobomoa kila skrini ukiiacha. Mimi naiamini zaidi `adb shell am kill`, maana inaua mchakato mzima (process, yaani programu yenyewe inavyoendesha kwenye kumbukumbu) ukiwa nyuma. Ile swichi huondoa skrini tu. Data iliyobaki kwenye mchakato inaweza kukuaminisha kuwa mambo shwari.

Kwa anayetengeneza programu inayogusa hesabu za watu, tumia zote mbili, Monkey na `am kill`. Tafuta simu ya majaribio isiyo na laini yako ya pesa, na usisahau `-p`: bila hiyo, Monkey ina ruhusa ya kuingia programu yoyote iliyomo.