Tamasha la okestra Lubumbashi: tiketi ya dola 5 inatosha

Tiketi zilikuwa za bei mbili: dola 10 viti vya mbele, dola 5 mabenchi ya nyuma. Mkienda, chukueni za dola 5. Mbele unasikia fidla na spika tu. Nyuma, karibu na ukuta, selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, na honi za kupuliza zinakufikia zikiwa zimechanganyika vizuri na ala zingine.

Mabaya niyamalize kwanza. Tuliambiwa saa tisa alasiri, noti ya kwanza ikapigwa karibu saa kumi na moja, baada ya hotuba za wakubwa. Spika zenyewe sikuelewa ni za nini: ukumbi wa parokia, mdogo vile, okestra imejaa hadi mlangoni, halafu unaiwekea maikrofoni? Karatasi ya programu haikusema kwamba simfonia, yaani utungo mrefu wa okestra, ina sehemu nne, basi watu wakawa wanapiga makofi kila muziki uliponyamaza, na mwongozaji anageuka kutukazia macho. Angetuambia mwanzoni, yangeisha.

Walifungua na sehemu ya kwanza ya Simfonia ya 5 ya Beethoven. Zile noti nne kila mtu anazijua, hata asiyemjua Beethoven, na watu hawajui ugumu wake. Kabla ya noti ya kwanza kuna pumziko dogo limeandikwa, kwa hiyo okestra nzima lazima ivute pumzi pamoja. Hawakuvuta pamoja. Fidla ziliingia moja moja, na mwendo ulikuwa wa mbio kupita vidole vyao. Sitawalaumu sana, maana ilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, katika tamasha la zaidi ya saa nne, wapigaji nao hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha.

Kisha kwaya ikapanda jukwaani kwa Kyrie, sehemu ya kwanza ya Missa Katanga, misa ya Joseph Kiwele, na ukumbi ukabadilika. Kiwele ni wa kwetu Katanga. Ndiye aliyetunga La Katangaise, wimbo wa taifa wa Katanga ilipojitenga na Kongo, na alikuwa waziri wa elimu katika serikali hiyo ya Katanga, ya Tshombe, hadi alipofariki 1961. Vijana wengi pale walikuwa wanaichanganya misa yake na Missa Luba ya Kamina, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Wanakwaya hawakuangalia karatasi hata kidogo. Ilikuwa fupi mno, na ningelipa tena kuisikia misa nzima.

Sasa ya Dvořák, mtunzi Mcheki, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Walipiga Simfonia ya 9 yote, ile aliyoitunga akiwa New York na ikasikika mara ya kwanza Carnegie Hall mwezi Desemba 1893. Sehemu ya pili, ya polepole, ina wimbo uliopewa kor-anglé, ala ya kupuliza, ndugu mkubwa wa obo. Okestra hii haina. Aliyesimama ni mpiga saksofoni, na jirani yangu akacheka kidogo, maana saksofoni hapa tunaijua kwenye rumba. Yule kijana alikuwa ametia kitambaa kwenye mdomo mpana wa ala, sauti ikatoka nyembamba, haina mtikisiko, haina madoido. Akarefusha noti ya mwisho ya kila mstari, lakini kidogo tu. Mamama wa kwaya wakaanza kuufuatisha kwa midomo iliyofungwa, kwa sababu wengi wanaujua kama wimbo wa kanisa. Maneno yalikuja baadaye sana: aliyeyatia ni William Arms Fisher, mwanafunzi wa Dvořák, mwaka 1922. Mwongozaji safari hii hakugeuka.

Nyuma kabisa alisimama kijana wa matoazi, wa fanfari, bendi ya matarumbeta na ngoma, kwa jinsi nilivyomwona amevaa. Simfonia hii ni ya dakika kama arobaini na matoazi yanalia mara moja tu, ndani ya sehemu ya nne, tena si kwa nguvu. Mtoto mbele yangu hakuvumilia: “Papa, ule wa nyuma, yeye hapigi kitu?” Baba akamwambia, “Ngojea, mutoto, atapiga.” Zamu ilipofika, yule kijana aliyagusanisha kwa upole, akayatenganisha, akaketi. Mtoto akapiga makofi peke yake.

Tromboni na trompeti ndizo nguvu ya okestra hii, inaonekana wengi wamelelewa kwenye fanfari, na mwisho wa Dvořák ulinitetemesha benchi. Fidla za pili zinahitaji mtu wa kuzifanyisha mazoezi kila wiki. Narudia: waondoe spika.

Lilipoisha giza lilikuwa limeshaingia, na taksi za kwenda mitaa ya Katuba na Kenya, humu humu mjini, zilikuwa za kugombania. Anayekaa mbali apange usafiri mapema, tena aje amekula, kwa sababu mlangoni walikuwa wanauza maji na biskuti tu.